Kuwajua ndege wa Unguja na Pemba: anza na upepo na maji

Watu wengi wanaoniuliza nianze vipi kutizama ndege huanza na darubini, bei gani, inapatikana wapi, nipige picha kwa simu gani. Mie huwaambia darubini baadae, kwanza niambie leo tarehe ngapi ya mwezi mwandamo na upepo gani unavuma. Hapa kwetu ndege wanakwenda na vitu hivo viwili, upepo unakwambia nani yupo na maji yanakwambia yuko wapi, na mtu yeyote aliyekulia pwani ya Unguja au Pemba hivo vitu anavyo kichwani tayari, mana babu yake alikuwa mvuvi na bibi yake alikuwa akienda kuchokoa pweza na mama yake pengine mpaka leo analima mwani. Kwahivo usijione kama unaanza kitu kigeni cha wazungu wenye kofia pana, elimu kubwa zaidi ya nusu unayo, kilobaki ni kuinua macho tu na kujua unatizama nini.

Tuanze na upepo basi. Mwaka wetu una kaskazi na kusi, na katikati yake masika na vuli. Majahazi ya zamani yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yakarudi na kusi, na wageni wetu wenye mbawa wana safari inayofanana na hiyo, tofauti ni kwamba wao hawasubiri kaskazi ishike sawasawa, wanatangulia. Wa mwanzo wanaanza kuingia mwezi wa nane, kusi bado iko juu, mwezi wa tisa na wa kumi ndo wanamiminika, na kuanzia wa kumi na moja mpaka wa tatu pwani imejaa. Mwezi wa nne wanaondoka makundi kwa makundi, ikifika katikati ya masika unakuta pwani imepungua mpaka unahisi kama nyumba iliyomaliza harusi. Lakini haiwi tupu kabisa, wapo wanaobaki kusi nzima, na wengi katika hao ni vijana wa mwaka wa kwanza ambao hawajafika umri wa kutaga kwahivo hawana la kuwarudisha haraka.

Wanatoka wapi? Wengi wa hawa wadogo wa pwani wanataga kule juu kabisa ya Urusi, Siberia, nchi ambayo mwezi wa sita jua halizami na ardhi yake haina miti, wanataga chini kwenye majani, wanalea watoto kwa wiki chache tu kabla baridi haijarudi, alafu wanafunga safari. Ndege ambaye ukimshika anaenea kwenye kiganja anatoka huko mpaka Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja. Kila nikifikiri hivo nikimuona anadonoa tope pale karibu na mashua zilizopandishwa, namuonea heshima wallahi.

Na kusi nayo ina wageni wake, usiidharau. Wao wanatoka upande wa pili, Bukini, yani Madagaska, ambako wakati wetu wa kipupwe kwao kuna baridi. Ntawataja mbele kidogo.

Sasa maji, na hapa ntakaa kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea. Mara ya kwanza nilipokwenda Chwaka makusudi kwa ajili ya ndege nilitoka mjini asubuhi nikapanda gari ya Chwaka, nikafika kama saa nne, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, ndege hakuna isipokuwa kunguru na yangeyange mmoja juu ya ngalawa. Nikakaa masaa mawili, jua kali, nikarudi zangu. Mwezi ulikuwa siku ya saba. Bibi mmoja aliyekuwa anaanika mwani pale aliniuliza natafuta nini, nilipomueleza akasema, "Mwanangu, njoo bamvua, njoo saa nane mchana, hao sululu watakuja wenyewe mpaka hapa nilipokaa." Nikarudi baada ya wiki moja, na ikawa kama alivosema.

Hesabu yenyewe iko hivi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tuseme kuanzia tarehe 29 mpaka 3 na tena 14 mpaka 17 za mwezi wetu wa kiislamu, maji yanapwa sana kama saa nne au saa tano asubuhi na yanajaa saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku za maji mafu, tarehe 7, 8 na zile 22, 23, mambo yanageuka, saa nne asubuhi ndo yamejaa na saa kumi jioni ndo yamepwa, tena hayajai sana wala hayapwi sana. Ndege wa pwani hawali kwa saa za mchana na usiku kama kuku, wanakula kwa maji. Yakipwa wanatawanyika kilomita nzima huko mbali kwenye matope na majani ya bahari, ukiwa na darubini ya aina yoyote utaona nukta tu zinatembea. Yakianza kupanda wanarudishwa nyuma hatua kwa hatua mpaka wanabanana kwenye ule ukanda wa mwisho wa mchanga, na hapo ndipo pa kuwasubiri.

Kwahivo kanuni yangu ni hii: chagua siku ya bamvua, fika pwani kama masaa mawili au matatu baada ya maji kupwa kabisa, yani saa saba saa nane mchana, tafuta kivuli, kaa chini, na usiondoke ulipokaa. Usiwafuate. Ukiwafuata wanaruka, ukikaa wanakuja. Na pwani ya mashariki ina bahati nyengine, mchana ule jua linakuwa limeshaelekea magharibi, liko mgongoni kwako, mwanga wote unawapiga wao, unaona hata rangi ya miguu. Ukienda asubuhi jua linakuja usoni kutoka baharini na kila ndege anakuwa kivuli cheusi, hapo hata mtaalamu anakwama.

Sehemu? Ghuba ya Chwaka ndo bora kwa Unguja kwa mtu anayeanza, ina matope, ina majani, ina mikoko mingi kuliko pengine popote pale kisiwani. Njia ya Uzi nayo nzuri, ile inayopita kati ya mikoko, ila angalia maji mana njia ya zamani ilikuwa ikifunikwa yakijaa, waulize wenyeji kabla hujavuka na usitegemee bahati. Pemba yenyewe imekatwakatwa na vihori kila upande, karibu kila kijiji cha pwani kina pahala pa kukaa, ukitokea Wete au Chake huhitaji kwenda mbali.

Ushakaa kivulini, maji yanapanda, nani anakuja mbele yako?

Wa kwanza kumjua awe membe, mana huwezi kumchanganya na mwengine. Ni mweupe na mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi kama kisu cha kupasulia nazi. Kazi yake kaa. Anasimama, anatizama, anakimbia hatua tano sita, anapiga. Membe hatokei Siberia, yeye anataga kwenye fukwe za mchanga za Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Sham na Somalia, tena anafanya kitu ambacho wenzake wa pwani hawafanyi, anachimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani, humo kivulini, kwa sababu joto la kule juu ya mchanga linapika yai. Anataga kuanzia kama mwezi wa nne, na akimaliza anakuja kwetu, kwahivo mwezi wa nane wa tisa ukiona kundi la weusi na weupe limesimama kwenye fungu, ndo hao wamefika.

Hapa nikwambie kitu cha kukitizama kwa makini. Tafuta kwenye kundi la membe yule mwenye mgongo wa kijivujivu badala ya mweusi, huyo ni mtoto wa mwaka huo. Mtizame dakika kumi. Anamfuata mkubwa mmoja kila anapokwenda, anainama, analia kilio chembamba cha kuomba, na mkubwa akikamata kaa anamkatakata na kumpa. Mtoto kavuka bahari kwa mbawa zake mwenyewe na bado analishwa, miezi kadhaa baada ya kufika. Nilikaa siku moja mwezi wa kumi na mbili nikamhesabia mzee mmoja kaa wanne, watatu kampa mtoto. Ndege wengi wa pwani watoto wao wanajitegemea karibu tangu siku wanayototolewa, membe hafanyi hivo, na hii unaiona hapa kwetu bila ya tiketi ya kwenda popote.

Wa pili sululu. Jina lile lile la chombo cha kuchimbia, na ukiona mdomo wake utajua kwanini, mrefu umepinda kwenda chini. Wapo wawili, mkubwa na mdogo. Mdogo ndo wengi, ana mistari kichwani, myeusi kwa mweupe, na akiruka anapiga mluzi wa haraka wa sauti moja mara kama saba, pipipipipipipi, unausikia usiku hata ukiwa umelala nyumba ya pwani. Mkubwa mdomo wake mrefu mpaka unajiuliza anafungaje, hana ile mistari ya kichwani, na sauti yake ni ya taratibu zaidi. Anza na sauti, macho yatafuata.

Baada ya hao wanakuja wadogowadogo ambao watu wetu wanawaita vitwitwi wote kwa pamoja, na kusema kweli kwa miezi sita ya mwanzo na wewe waite hivohivo, usijiumize. Tizama mwendo kwanza, rangi iache. Yupo anayekimbia, anasimama ghafla, anadonoa mara moja, anakimbia tena, huyo anatafuta kwa macho. Yupo anayetembea huku anachoma mdomo topeni kama cherehani bila kupumzika, huyo anatafuta kwa kupapasa. Yupo mweupe mweupe anayekimbizana na mawimbi, wimbi likirudi anafuata wimbi likija anakimbia, huyo utampata zaidi kwenye mchanga msafi kama Paje na Jambiani kuliko kwenye tope. Yupo mfupi mwenye miguu ya rangi ya chungwa anayegeuza mawe na mwani kwa mdomo kutafuta kilichojificha chini, na huyo haogopi watu, anatembea mpaka kwenye vigingi vya mwani. Na yupo mmoja ambaye mdomo wake umepinda kwenda juu, miguu mifupi ya manjano, anakimbia kama aliyechelewa daladala. Ukishawatenganisha hawa watano kwa mwendo, umevuka sehemu ngumu.

Rangi zina wakati wake. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa pili karibu wote wana kijivu na weupe, ndo mana mtu anayeanza mwezi wa kumi na mbili anakata tamaa. Nenda tarehe za mwisho za mwezi wa tatu au mwanzo wa wa nne, kabla hawajaondoka. Utakuta wanabadilisha manyoya, wale wachoma-tope wenye mdomo uliopinda kidogo wanakuwa wekundu kama tofali kifuani, wageuza-mawe wanapata mgongo wa rangi ya kutu na nyeusi, wanavaa nguo za harusi huku kwetu alafu wanakwenda kuoa Siberia. Na wamenenepa, unaona kabisa tumbo limejaa, hayo mafuta ndo petroli ya safari. Wakati huo ukimrusha ndege mara tano kwa siku unamlia mafuta yake, kwahivo watoto wanaokimbiza ndege ufukweni mwezi wa nne waambieni kwa upole, na wenye mbwa wafunge mbwa wao.

Tutoke pwani. Mashambani na hata mjini kaskazi inaleta keremkerem, wale wembamba wa kijani wanaokaa kwenye nyaya za umeme na kuruka kukamata nyuki na kereng'ende hewani. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi mpaka wa nne yupo mwenye mashavu ya buluu. Kusi yupo mwengine anayefanana naye sana lakini kofia yake ya kichwani ni ya kahawia, huyu ndugu zake wako Bukini. Ukiona keremkerem kwenye waya usiandike keremkerem tu, tizama kichwa na andika mwezi, hapo ndo unapata faida. Mbayuwayu wa mkia wa panda mwenye koo jekundu naye anakuja toka mwezi wa tisa mpaka wa nne, anaruka chinichini juu ya mabonde ya mpunga. Usimchanganye na teleka wa Mji Mkongwe, yule mweusi mwenye mbawa kama jambia ambaye hakai kwenye waya kamwe.

Mabonde ya mpunga, Cheju, Bumbwisudi, yana watu wake. Wakati wa kulima na kupandikiza yangeyange wanafuata jembe na trekta. Kusi tizama vizuri korongo wadogo wa kahawia wanaojikunyata pembezoni mwa maji, umemuona amekaa ni kahawia mtupu mwenye mistari, akiruka ghafla anakuwa mweupe mbawa zote mpaka unafikiri ni ndege mwengine. Baadhi yao wanatoka Bukini, wanafika kama mwezi wa tano na kuondoka wa kumi. Kumtenganisha na yule ndugu yake wa bara kwenye kipindi hicho ni kazi ngumu sana, mie nikiwa na shaka naandika "korongo wa mabawa meupe" basi, jina lisilo hakika linaharibu daftari.

Na pwani ya Pemba kuna yangeyange ambaye mmoja mweusi tii na mwengine mweupe, wamesimama pamoja, wanavua pamoja, na ni aina moja. Wengi wanadhani ni mbalimbali.

Kusi pia ndo wakati wa buabua, wale weupe wembamba wenye kofia nyeusi wanaopiga mbizi, ambao baadhi yao wanataga kwenye vijisiwa vya mawe matupu vilivyo kando ya visiwa vyetu. Kama una mashua na ukaona kijisiwa kinapiga kelele kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, usishuke. Wakiruka wote kwa dakika kumi tu mayai yanaungua juani au kunguru anayachukua. Tizama ukiwa majini.

Nimemtaja kunguru mara ya pili sasa. Huyu mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu asili, aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, ilifikiriwa atasafisha taka za mji, na akafanya hivo lakini akala pia mayai na makinda ya kila ndege mdogo aliyemkuta. Mjini ndo mana huoni ndege wengi wadogo. Inaniuma kusema kweli, nikienda shamba nikasikia sauti ambazo mjini hazipo. Ila ana faida moja kwa mtizamaji: ukisikia kunguru wanapiga makelele wamezunguka mti mmoja hawaondoki, nenda ukatizame katikati ya mti ule, mara nyingi amekaa bundi au kipanga wanamfukuza.

Jozani, kwa Unguja, nenda kwa ajili ya shorobo. Fika lango linapofunguliwa asubuhi, kabla ya magari ya watalii, mana wengi wanafuata kima punju na wanaongea. Shorobo utamsikia kabla hujamuona, sauti nzito ya kukwaruza inayopanda. Ni wa kijani, anakimbia juu ya matawi kama komba, na akiruka mbawa zake zinafunguka nyekundu kama damu, rangi ambayo ndani yake mna shaba, ya kweli kabisa, madini ya shaba yaliyotoka kwenye matunda anayokula. Msitu huo na ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004. Ukimaliza msituni vuka barabara uende ile njia ya mbao kwenye mikoko ya Pete, kaa kimya karibu na maji, mtafute kwa macho mdiria wa mikoko, kichwa kijivu, mgongo wa buluu, mdomo mwekundu wote juu na chini. Anakaa tawi moja muda mrefu akisubiri kaa. Huyo yupo pwani mwaka mzima.

Sasa Pemba, na hapa nawaomba Waunguja wenzangu mpande boti. Pemba ina ndege wanne ambao hawapo pahala pengine popote duniani. Wanne, kwenye kisiwa ambacho unakimaliza kwa gari asubuhi moja. Unguja haina hata mmoja wa namna hiyo, na sababu yake iko chini ya maji. Mkondo kati ya Unguja na bara hauna kina kikubwa, miaka kama 20,000 iliyopita bahari iliposhuka zaidi ya mita 100 Unguja ilikuwa sehemu ya bara, ndege na wanyama walitembea tu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, unafika kama 800, haukukauka, kwahivo waliokuwepo Pemba walikaa peke yao muda mrefu mno mpaka wakawa aina zao wenyewe.

Wawili ni rahisi, utawapata hata kwenye bustani ya nyumba uliyofikia. Chozi wa Pemba, mdogo, dume ni kijani kinachong'aa na ukanda wa zambarau kifuani, jike kijivu tu, wanakunywa asali ya maua. Na kinengenenge wa Pemba, manjano yote, ana pete nyeupe kuzunguka jicho, hatembei peke yake, ni kikundi kinachoongea muda wote kwenye majani. Kaa karibu na mti wenye maua saa moja asubuhi na wote wawili watapita. Chozi alipewa jina la kisayansi mwaka 1905 na kinengenenge mwaka 1924, lakini Wapemba walikuwa wakiwaona tangu mababu.

Ninga wa Pemba anataka subira zaidi. Ni njiwa wa kijani na kijivu, begani ana doa la zambarau iliyokoza, na kwenye majani anapotea kabisa hata akiwa mita kumi. Usimtafute kwa macho. Tafuta mti uliozaa, mkuyu au mti mwengine wowote wa matunda madogo, simama chini yake sikiliza. Tunda likidondoka bila ya upepo, na jengine, na jengine, basi yupo juu anakula. Ukishajua upande gani subiri tawi litikisike. Idadi yake inapungua kwa sababu misitu imepungua na alikuwa akiwindwa kwa nyama, kwahivo ukipajua mti anaokula usiutangaze ovyo mtandaoni.

Wa nne ni bundi mdogo, na huyu ndiye aliyenipeleka Ngezi mara tatu. Msitu wa Ngezi uko kaskazini magharibi, unapanda gari mpaka Konde alafu bodaboda mpaka langoni. Panga na muongozaji wa pale mapema, mwambie unataka kuingia wakati wa magharibi, jua likizama, usiingie peke yako usiku. Chagua usiku usio na upepo mkali na usio na mvua. Giza likishaingia mnasimama njiani, taa zimezimwa, na mnangoja. Sauti yake ni fupi, "hu" moja, kimya, alafu "hu" nyengine, wakati mwengine anaziunganisha haraka nne tano. Mwengine anajibu upande wa pili. Muongozaji atamulika kwa sekunde chache, utaona kitu cha ukubwa wa ngumi mbili, rangi ya kutu, macho ya manjano, alafu taa izimwe. Usimmulike muda mrefu, na tafadhali usimpigie sauti yake kwenye simu ili aje, yeye anajua ni adui kaingia kwake anaacha kuwinda anakuja kupigana na simu yako, na kesho anakuja mgeni mwengine naye anafanya hivohivo.

Najua wengi wetu tumelelewa kumuogopa bundi, akilia juu ya paa ni msiba. Simvunjii mzee wangu heshima, lakini huyu bundi wa Pemba anakula wadudu, anakaa mpaka kwenye mashamba ya mikarafuu, na kama watu wa Pemba hawatomtunza hakuna nchi nyengine itakayomtunza mana hayuko. Kijana mwenye manati akimlenga, mueleze hivo hivo.

Vifaa sasa, kwa ufupi. Darubini ya 8x42, yani inayokuza mara nane na kioo chake cha mbele milimita 42, inatosha kila kitu, iliyotumika na yenye kioo safi ni bora kuliko mpya ya bei rahisi. Programu ya Merlin kwenye simu, ya kukusaidia kumtambua ndege, ni ya bure, pakua data ya ndege wa huku kwetu ukiwa na bando kabla hujaondoka mjini mana Ngezi mtandao unakatika, ila iamini nusu, muulize mvuvi nusu iliyobaki. Kofia, maji, viatu vya kuingia topeni. Ukikaa karibu na mashamba ya mwani wape salamu wenyewe na waulize kabla hujapita, na usielekeze darubini walipo kina mama.

Na daftari. Hili ndo la lazima kuliko darubini. Kila safari andika tarehe mbili, ya kizungu na ya mwezi mwandamo, upepo, maji yanapanda au yanashuka na saa ngapi, alafu ndege na idadi, na kama hujui jina andika alichokuwa anafanya. Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: Chwaka, mwezi 15, kusi imelegea, maji yanapanda, saa nane na robo. Membe 11, kijivu 2. Sululu mdogo 30 hivi. Mgeuza mawe 6, mmoja mguu umekatika, anakula kama wenzake. Huyo wa mguu mmoja nilimuona tena mwaka uliofuata, fungu lilelile, mwezi wa tisa.